Viazi vya Mwaka 1844: Siku ya Mwisho na Wanaoipangia Tarehe

Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, mkulima mmoja mwaka 1844 aliacha viazi vyake ardhini. Baridi ilikuwa inakaribia, majirani wanamshangaa, naye hakushika jembe. Alikuwa katika kundi la William Miller, mhubiri aliyezichukua siku 2300 za kitabu cha Danieli, akazigeuza miaka, akahesabu tangu 457 kabla ya Kristo. Wafuasi wakaishia tarehe 22 Oktoba kuwa siku ya kurudi kwa Kristo. Kuchimba viazi kungekuwa sawa na kusema huamini. Asubuhi ya tarehe 23 jua likachomoza kama kawaida.

Wanaopinga imani ya siku ya mwisho huanzia hapo. Anayesubiri parapanda, wanasema, hajengi, hapandi, wala hamsomeshi mtoto. Na viazi ni hasara ndogo. Huko Kanungu, Uganda, waumini walikuwa wameshauza mali zao, tarehe waliyopewa ya 31 Desemba 1999 ikapita, na Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada. Shakahola, Kenya, tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mbele ya makaburi hayo, kusema “hao walipotoka tu” ni kujibu haraka mno.

Hata hivyo imani yenyewe ina uso mwingine. Kitabu cha Ufunuo kiliandikiwa watu wanyonge chini ya dola ya Roma. Asiye na hakimu wa kumsikiliza akiambiwa kuna siku ya hesabu ambayo mtawala naye atasimama kizimbani, hapewi sababu ya kulala. Anapewa nguvu ya kuvumilia. Kwa Waislamu, mtu alimwuliza Mtume Kiyama ni lini, akarudishiwa swali: umekiandalia nini? Na ipo hadithi kwamba Kiyama kikisimama nawe una mche mkononi, ukiweza kuupanda, upande. Linganisha mche huo na vile viazi.

Kwa maoni yangu tofauti iko kwenye tarehe. Siku isiyojulikana humfanya mtu awe mwangalifu kila siku. Siku iliyotajwa humpa mamlaka yule anayeitaja. Mathayo 24 inasema hakuna aijuaye, hata malaika, na sura ya Al-A'raf inasema ujuzi wake uko kwa Mungu peke yake.

Lakini nisiwapoze sana waumini wenzangu. Sura hiyohiyo ya Mathayo inataja vita, njaa na matetemeko ya nchi, na mtu aliyepewa dalili atahesabu tu. Wapanga tarehe hawaji kutoka nje. Tunawalea wenyewe kila tunapopokea habari ya tetemeko kwa kusema “yanatimia”. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alitangaza siku hiyo kuwa 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba, ikapita pia. Mwaka uliofuata alikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi.

Na vile viazi? Waadventista, waliochipuka kutoka kundi la Miller, husimulia kwamba viazi vya majirani vilivyochimbwa mapema vilioza kwa ugonjwa, vyake vikatoka vizima na kuuzwa kwa bei nzuri. Wao huona mkono wa Mungu. Mimi naona mkulima aliyelazimika kurudi shambani kuchimba.