Jirani, taa yako inamulika kitanda changu

Siku hizi nyumba mpya ya hapa Moshi, iwe Rau, Soweto au Shanty Town, haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka kila kona ya uzio ifungwe taa kubwa ya LED, nyeupe pee, inayowaka tangu magharibi hadi kunakucha. Muulize mwenye nyumba, atakujibu neno moja: ulinzi. Vibaka wapo, sikatai, na mtu aliyejenga kwa kujinyima miaka na miaka ana haki ya kulala usingizi. Ninachobisha ni kwamba taa ile inalinda.

Hebu simama usiku mbele ya geti la namna hiyo. Taa inakupiga usoni, mboni za macho zinajibana, na kila kilicho pembeni ya ule mwanga kinageuka giza totoro. Mtu akijibanza ubavuni mwa nguzo, hatua chache tu kutoka ulipo, humwoni. Sasa mfikirie mlinzi. Ameketi katikati ya mwanga, anaonekana anapopiga miayo, anaposinzia, anapokwenda msalani. Aliye nje gizani anamsoma vizuri, yeye haoni kitu. Na jirani wa ng'ambo, ambaye zamani angechungulia dirishani akapiga yowe la mwizi, ameshatundika mapazia mazito ili apate kulala. Umemfumba macho mlinzi ambaye hukuwa unamlipa hata senti.

Na umeme wa kumfumbia unaulipia wewe. Taa ya wati 50 ikiwaka saa 12 inakula uniti 0.6, kwa mwezi ni uniti 18. Ukifunga mbili ni 36. Kwa mteja mdogo wa TANESCO ambaye ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu ya LUKU inaishia kwenye uzio kabla hajapiga pasi hata shati moja. Watu tunadanganyika na jina la LED. Kweli, balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60, lakini badala ya kutunza akiba hiyo tumeigeuza kuwa mwanga zaidi. LED ya wati 50 ni sawa na zaidi ya balbu tano za zamani zikiwaka pamoja, na simkumbuki mzee yeyote aliyewahi kutundika balbu tano getini. Tangu bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lianze kuzalisha mwaka 2024, hata zile nafuu za giza tulizokuwa tukipata wakati wa mgao zimeadimika. (Msininukuu vibaya, nashukuru. Friji langu linashukuru zaidi.)

Zinazonikera kuliko zote ni zile taa za duara zinazokaa juu ya nguzo za geti. Kioo kinawaka pande zote, kwa hiyo karibu nusu ya mwanga inapanda juu, kwa popo na mawingu. Sijasikia mwizi aliyeshuka kutoka mbinguni.

Halafu kuna rangi. Geuza boksi la taa dukani utaona imeandikwa 6500K, maana yake mwanga mweupe wenye ubuluu. Mwanga wa buluu hutawanyika hewani kuliko wa njano. Ndiyo sababu anga la mchana ni la buluu, na ndiyo sababu taa hizi huchafua anga la usiku kuliko balbu za zamani. Isitoshe, buluu hiyo ikikuingia machoni usiku huchelewesha melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. DarkSky, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1988 kutetea usiku, linashauri taa za nje zisizidi 3000K, yaani ziwe za mwanga wa njano njano. Zipo hata kwenye maduka yetu ya umeme, sema fundi hakuletei usipomtajia.

Wadudu nao wana kesi yao. Mvua za vuli zikianza tunaweka beseni la maji chini ya taa, kumbikumbi wanamiminika, watoto wanafurahi, mijusi kafiri wa ukutani wananenepa. Sisemi tuache kumbikumbi. Ila mwaka 2024 watafiti waliowapiga wadudu picha kwa kamera za kasi walieleza jambo lililonishangaza: mdudu haifuati taa kwa kuipenda. Akiruka usiku huelekeza mgongo kwenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani kwenye mwanga ndiko juu. Akipita karibu na taa yako, juu na chini vinampotea, anabaki kuzunguka hapo hapo. Kwa kumbikumbi ni usiku mmoja wa mvua. Kwa nondo wanaochavusha maua gizani ni kila siku ya Mungu.

Nimefika kwenye anga, ambalo najua wengi mtaliona ni anasa. Sisi tuko nyuzi tatu na ushei tu kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Juni, saa mbili usiku, mawingu yakiruhusu, Salibu ya Kusini, zile nyota zilizokaa kama msalaba, inasimama upande wa kusini na zile nyota saba za Dubu Mkubwa zinasimama kaskazini, juu ya Kibo. Mtu wa London Salibu haioni kwao maisha yake yote, na wa Cape Town hamwoni Dubu mzima. Sisi tunavyo vyote viwili bila kiingilio. Wazee walipanga kilimo kwa kutazama juu, wakatuachia methali ya Kilimia, kile kishada cha nyota: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Leo kuna mtoto anayeikariri darasani ambaye hajaonyeshwa hata mara moja Kilimia kiko wapi.

Wapo watakaosema hayo ni ya wazungu. Basi nitawataja wazungu wenyewe. Flagstaff, mji wa Arizona, Marekani, ulio chini ya milima na unaoishi kwa watalii kama sisi, ulipiga marufuku mataa ya matangazo yanayomulika angani mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa wa kwanza duniani kutambuliwa kuwa mji wa anga la giza. Haujawa mji wa giza. Barabara zake zina taa, ila zinatazama chini.

Kazi yenyewe haizidi nusu saa. Legeza nati mbili za taa, inamisha mpaka kioo kitazame ardhi, kaza. Ikibaki inamulika dirisha la mtu, fundi bati akukatie kinga ya ubavuni, lakini asizibe mapezi ya nyuma, maana ndiko joto linakotokea. Wati 10 yenye sensa, kile kifaa kinachoiwasha mtu akipita, inatosha geti lolote la nyumba ya kawaida, mradi sensa isielekezwe barabarani ikawa inawashwa na kila bodaboda. Taa inayowaka ghafla inamshtua mwizi na kumwamsha mlinzi. Inayowaka usiku kucha wameshaizoea wote wawili. Ukuta ukiupaka chokaa, hata kwa mwanga mdogo unamwona mtu aliyesimama mbele yake.

Muziki wa baa ukizidi tunakwenda kwa mjumbe bila aibu, lakini mwanga unaoingia chumbani kwa mtu tunauvumilia kimya, tunaona haya kumkera jirani. Mimi haya hizo nimezichoka. Mzee wangu wa nyumba ya tatu, shikamoo. Ile ya kona ya mashariki ndiyo inayoingia kwangu. Ngazi ninayo, spana ninayo, na jioni baada ya saa kumi na moja huwa nipo nyumbani.