Rektifaya ya maji na ndoo za mama ntilie

Basi bwana, kiwandani kwetu hapa Tanga kuna mota moja ya DC, ile mijimota ya zamani, 110 kW, volti 440, inakula karibu ampia 280, na ndo inazungusha laini nzima, ikisimama hiyo wote tunatoka nje kupiga soga. Rektifaya yake, kile kifaa cha kugeuza umeme wa gridi wa AC kuwa DC, ikafa. Thairista mbili, zile swichi za kielektroniki za ndani yake, zimepiga shoti, zilizobaki zimechoka, bosi akasema nunueni seti mpya kamili.

Nikaandika mahitaji yangu vizuri tu. Fezi tatu, volti 415, 50 Hz, thairista sita zilizounganishwa pamoja, tunaita daraja, kila moja ihimili volti 1600, na fyuzi zake zile za haraka. Mzee wa manunuzi akaniita ofisini, "mwanangu, umeme wenyewe 415 wewe unaniagizia 1600, unataka kujenga kituo kingine cha umeme kama Hale?" Nikamwambia mzee wangu, hiyo 415 kwenye kilele chake inafika kama 587, halafu mota ya jirani ikizimwa tu umeme unaruka juu, ukiniletea kitu cha 600 hakimalizi wiki. Akaelewa. Hapo nampa maua yake, wengine hata hawakusikilizi.

Shida ikaja kwenye sehemu ya kupoza. Thairista inapopitisha umeme inaachia kama volti moja na ushee, na kwenye daraja zinafanya kazi mbili mbili, kwa ampia 280 unapata karibu wati 700 za joto, yaani pasi ndogo ya umeme imewashwa mchana kutwa ndani ya kabati, na Februari ya Tanga unaijua mwenyewe. Thairista ndani yake zisipite nyuzi joto 125, zikipita ndo basi tena. Kwa hiyo kwenye fomu niliweka tiki kwenye ya kupozwa na feni. Mzee kufungua katalogi anaona ya maji ni ndogo kuliko ya feni kwa ampia zilezile, akapiga hesabu ya usafiri, akafuta tiki yangu akahamishia kwenye maji. Nilipomuuliza baadaye ananijibu kwa upole kabisa, "maji si tunayo, bwawa la Mabayani hapo."

Boksi limefika nafungua nakuta mabomba ya shaba. Nikalifunga tena nikajua wametuletea mzigo wa mtu.

Kurudisha haiwezekani, bosi anataka mzigo utoke, ikabidi tuifunge hivyohivyo. Sasa vile vipoozeo vyenyewe vina umeme, na maji ya bomba yanapitisha umeme, hayo mambo yanataka maji yaliyosafishwa yanazunguka kwenye mtambo wake, sisi tukabaki kurefusha mipira ya plastiki na kuizungusha kama tambi ili angalau umeme uchoke njiani kabla ya kufika kwenye bomba la chuma. Plamba akachukua maji kwenye laini ya uani, yakitoka yanamwagika mtaroni. Na kuna swichi inayopima mtiririko, maji yakipungua inazima kila kitu, hiyo nilikataa katakata isiguswe.

Ikawaka. Mota ikazunguka, watu wakapiga makofi, mzee wa manunuzi akapita kifua mbele.

Kesho yake saa tatu asubuhi, paap, kimya. Tunakagua, fyuzi nzima, thairista nzima, tunawasha inawaka. Saa nane mchana paap tena. Ikawa ndo mtindo, kila siku muda uleule, wa kwanza kulaumiwa bila shaka ni TANESCO, wa pili mimi. Fundi mwenzangu akasema ni kadi ya kufyatulia thairista, ile inayoziamuru ziwake, akaibadilisha, na siku hiyo kweli mashine ikapiga kazi mpaka jioni bila kukohoa. Aisee tulikoma! Kila anayepita anasimuliwa kadi, nilikwambia mimi, nyie vijana wa vyuoni mnasoma sana ila hamsikilizi mashine. Bosi akampa hela ya soda mbele ya watu.

Asubuhi yake saa tatu, paap.

Nikaacha multimita mezani nikaufuata mpira, nakwenda nao mpaka uani, namkuta mama ntilie wetu kainama kwenye koki, kaifungua yote, ndoo mbili zimejaa na ya tatu inajaa, chapati ziko motoni. Nikamuuliza mama, jana ulikuwepo? "Jana nilikuwa msibani Pangani mwanangu, kwani hamkula?"

Koki ilikuwa kwenye laini moja na rektifaya yetu. Akiteka ya chai tunazima, akiosha vyombo tunazima.

Bosi akabandika karatasi kuwa ni marufuku kuteka maji saa za kazi. Mama akaisoma taratibu, akafunika masufuria yake, akasema sawa baba, na maharage yapikwe na hiyo mashine basi. Mtu mmoja akaniuliza kama maji yanayotoka kule yanafaa kwa chai, nikamwambia yanaongezeka nyuzi mbili tatu hivi, hata mikono hayapashi. Saa saba mchana watu hawajala, karatasi ikabanduka yenyewe, hakuna aliyeona nani.

Seti ya feni ikaagizwa, safari hii tiki niliweka kwa kalamu ya wino na fomu nikaipeleka mwenyewe. Mama akaja kuniuliza na hii mpya inakunywa nini. Nikamwambia upepo tu mama, inavuta hapo dirishani.

Akageuka kuliangalia dirisha. Jiko lake la kuni liko chini yake hapohapo, moshi wote unaingia ndani.

"Sihami," akasema.