The Nutcracker kwenye skrini ya IMAX: dansi au hadithi?

Anayetaka kuipeleka The Nutcracker, kisa cha mwanasesere wa mbao wa kupasulia njugu, kwenye skrini kubwa ya IMAX lazima aamue mapema: apige picha baleti ya Tchaikovsky, iliyoanza kuonyeshwa St Petersburg tarehe 18 Desemba 1892, au arudi kwenye hadithi ya E. T. A. Hoffmann ya 1816 na kuwapa kazi waigizaji wa kawaida?

Wanaotetea hadithi wana hoja nzito. Katika baleti vita huisha mapema mno. Mfalme wa Panya akishapigwa, sehemu yote ya pili Clara, msichana mwenye mwanasesere huyo, anakaa kitini akitazama ngoma za Kihispania, za Kiarabu na za Kichina. Hata mwaka 1892 wapo waliolalamika kwamba mchezaji mkuu anangoja hadi karibu na mwisho ndipo acheze kweli. Mtoto wa miaka sita hatavumilia hilo. Hoffmann anayo dawa, nayo baleti iliitupa: binti mfalme Pirlipat amelogwa akawa na sura ya kutisha, na tiba ni njugu ngumu iitwayo Krakatuk. Kijana anaipasua kwa meno, kisha anatakiwa kurudi nyuma hatua saba bila kujikwaa. Hatua ya saba anamkanyaga malkia wa panya, na laana inamgeukia yeye. Ndipo unaelewa kwa nini shujaa ni mwanasesere wa mbao.

Muda nao unabana. Filamu nyingi za mkanda wa IMAX zilikuwa za dakika 40 hivi, kwa sababu makumbusho ya sayansi yalipanga onyesho moja kila saa. Muziki kamili wa baleti ni karibu dakika 90, kwa hiyo zaidi ya nusu utakatwa vyovyote vile.

Hata hivyo, mitambo yenyewe inaitetea dansi. Kamera ya mkanda wa IMAX ina kelele nyingi. Ukirekodi mazungumzo karibu nayo, mengi itabidi yarudiwe studio. Dansi hupigwa picha muziki ukitoka kwenye spika, kwa hiyo kelele hiyo haidhuru kitu. Umbo la picha, 1.43 kwa 1, linakaribia mraba, nalo linamfaa mtu aliyesimama, kuanzia utosini hadi ncha ya kiatu. Safu ndefu ya wachezaji wanaoigiza theluji ndiyo inayoumia: ukiitosheleza yote, kila mmoja anakuwa mdogo na juu kunabaki eneo tupu.

Makosa makubwa hutokea mhariri anapokata picha kwa kasi ya televisheni. Kwenye skrini pana hivyo jicho linahitaji muda kumtafuta mchezaji; kabla halijampata, picha imeshabadilika. Kamera ikigeuka haraka kwa fremu 24 kwa sekunde, picha inarukaruka. Basi kamera itulie, mchezaji ndiye asogee, naye awekwe chini kidogo ya katikati, maana sehemu ya juu ya skrini haitazamwi sana. Uso wa panya wenye kimo cha ghorofa nne, tena kwa picha za pande tatu, utawaliza wadogo.

Mimi naona hadithi ya Krakatuk irudishwe, isimuliwe kwa vitendo bila maneno, na ngoma za wageni za sehemu ya pili ndizo zitolewe. Mti wa Krismasi unaokua usiguswe. Katika toleo la New York la mtunzi wa dansi George Balanchine, lililoanza 1954, mti hukua kutoka futi 12 hadi 41, yaani takriban mita 12.5. Skrini ya BFI IMAX ya London ina kimo cha mita 20: mti huo unaingia mzima kwa ukubwa wake halisi, jambo ambalo televisheni haiwezi kabisa.

Dansi ya wawili karibu na mwisho nayo ibaki. Sehemu yake ya taratibu ni takriban dakika tano, ilhali kasha la filamu la futi 1,000 humalizika kwa dakika tatu. Wapangie wachezaji mkato pale wimbo wa ngazi inayoshuka unaporudiwa, na wapashe misuli upya wakati kasha linabadilishwa. Ukikata katikati ya kunyanyuana, mkono wa pili hautarudi palepale, na kwenye skrini hiyo kila mtu ataona.