Lebo Ikikosea Kitaluni, Lawama ni ya Nani?

Kila mvua za kupandia zikikaribia, malalamiko ni yaleyale huku kwetu Uganda kwenye kahawa, Mukono hadi Masaka: mkulima kauziwa miche ya KR (Kituza Robusta), ile kahawa ya robusta inayostahimili ugonjwa wa mnyauko, kumbe shambani imeota kitu kingine. Wengi wanataka kitalu kilichokosea kifungwe na mwenyewe apelekwe polisi. Hasira hiyo naielewa. Mnyauko ulioonekana Bundibugyo mwaka 1993 uliua karibu nusu ya robusta ya nchi hii, na aliyesubiri mavuno miaka miwili au mitatu hawezi kulipwa kwa bei ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wenye mche.

Ila tunayatia makosa mawili katika kapu moja.

La kwanza ni kuuza mche wa mbegu kwa jina la mche wa kikonyo, yaani uliooteshwa kutoka kipande cha shina la mti mama. Robusta haijichavushi, kwa hiyo mbegu ya mti wa KR ina baba asiyejulikana na ustahimilivu wa mama huenda usimfikie mtoto. Huo ni wizi, na kuukamata ni rahisi. Pasua kiriba kimoja, suuza udongo. Mche wa mbegu una mzizi mkuu mmoja ulioshuka wima; wa kikonyo una mizizi kadhaa iliyotokea kwenye mkato, na chipukizi limeota ubavuni mwa kipande cha shina la zamani. Anayefanya hivyo akijua simtetei.

La pili ni kuchanganya namba moja ya KR na nyingine, na hapa ndipo wenye vitalu wanapoonewa. Kikonyo ni kipande kifupi cha shina chenye nusu jani, na vinachomekwa kwa mamia vikiwa vinafanana. Kinachotenganisha KR3 na KR4 ni kijiti kilichoandikwa kwa kalamu. Nimewahi kushika vijiti hivyo kwenye kitalu cha mama mmoja miezi minne baada ya kuchomeka. Maji ya kila siku yalikuwa yamebakiza doa la bluu tu. Mama yule hakumwibia mtu.

Tena mkulima akipewa KR tofauti na aliyoiomba, hasara yake mara nyingi ni ndogo. KR1 hadi KR10 zote zilitoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Kituza kwa sababu ya ustahimilivu uleule, na hupandwa pamoja ili zichavushane. Balaa ni lebo zisemapo namba tano tofauti huku miche yote ikiwa ya namba moja, kwa kuwa miche ya namba moja ni kama mti mmoja, haichavushani. Hapo shamba huchanua jeupe pee, mkulima akashukuru, kisha punje zinakuja chache. Atalaumu udongo. Atanunua mbolea. Mwaka unaofuata atalaumu mvua, na miti yake ni mizima kabisa, haina dalili ya kumwonyesha lolote. Miche michache ya namba nyingine, iliyopandwa mapema katikati ya mistari, ingemwokoa.

Mtu pekee awezaye kumwambia mapema ni yule mama aliyeona vijiti vimefutika. Nani atafungua mdomo akijua jibu ni pingu na kufuli? Aliyehamisha kitalu chake usiku hatumpati. Tunamshika huyu aliyebaki, ambaye simu yake imo kwenye risiti.

Ningetaka kila risiti ionyeshe bustani mama, yaani shamba vikonyo vilikokatwa, na tarehe ya kuchomeka, na mwenye kitalu anayejitokeza mwenyewe abadilishe miche bila kunyang'anywa leseni. Mama yule sasa anakwaruza namba kwa msumari kwenye vipande vya bati, na ametenga viriba pembeni kwa ajili ya wanaorudi.