Andrea, Nicola, Simone na Mimi

Fomu ya usajili ilikuwa na sehemu ya jinsia. Niliifuta mwenyewe, kwa mkono wangu huu, ili fomu ienee kwenye ukurasa mmoja. Jinsia ya nini, wakati jina linajieleza?

Kazi yangu kwenye semina ile ilikuwa kugawa vyumba: wanawake bweni la kushoto, wanaume la kulia. Nikaikalia orodha kama mwalimu anayesahihisha hesabu za darasa la kwanza. Andrea, mwanamke, nilishafanya kazi na Andrea wa Ujerumani, mama mtu mzima. Nicola, mwanamke; Uingereza wamejaa, hasa waliozaliwa miaka ya 1970. Simone, mwanamke, si ndivyo wanavyoitwa mabinti wa Kifaransa? Jean hakunichukulia hata sekunde mbili. Jean ni Mfaransa, na ni baba wa watu. Kulia.

Chumba namba 4 kikabaki na kitanda kimoja, nikajiandika mimi. Mlangoni nikabandika karatasi yenye majina yetu manne, nikaizungushia maua kwa kalamu ya waridi. Juu ya kila mto nikaweka kibanio cha nywele, zawadi ya kukaribishana.

Aliyeanza kunilipukia ni Jean. Jioni nilisikia kelele bweni la kulia, nikakuta wanaume wenye mataulo wanakimbizana kujificha, na katikati ya korido amesimama bibi wa Kiskoti na sanduku lake, ametulia kabisa. Kumbe kwao, enzi alizozaliwa yeye, Jean lilikuwa jina la kawaida la wasichana. Nikamhamisha huku naomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, ambazo ni mbili.

Nikajipa moyo: kosa moja katika majina arobaini, hiyo ni alama ya kufaulu. Nikaenda kuoga.

Nilirudi namba 4 na gauni la kulalia, mswaki mdomoni. Ndani kulikuwa na wanaume watatu. Mmoja mwenye kipara amekishika kibanio cha nywele, anakigeuzageuza kama fundi aliyeletewa spea ya gari asilolijua.

"Samahani," nikasema, mswaki ukiwa bado mdomoni, "Andrea yupo?"

"Ni mimi," akajibu mwenye kipara.

Waitalia, wote watatu! Andrea akanieleza, kwa upole uliozidi kuniumiza, kwamba jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la mwanamume. Yaani katika majina yote ya dunia nilichagua lenye maana ya "dume" nikalipeleka kwa akina dada. Kwao kumpa binti jina hilo kulikuwa na utata kiasi cha kufika mahakama ya juu, iliyoruhusu mwaka 2012. Nicola naye anatoka Bari, mji ulioletewa masalia ya Mtakatifu Nikola mwaka 1087, na kule jina hilo halijaisha mpaka leo. Angezaliwa Milano, mji wa Mtakatifu Ambrosi, pengine angeitwa Ambrogio, nami ningelala salama. Simone ndiye aliyenitia hasira, maana huyo ni Simoni tu, yule yule wa kwenye Biblia. Mwanawe anaitwa Leonardo, jina lililoshika namba moja kwa watoto wa kiume wa Italia mwaka 2018. Ona sasa, Leonardo hata mimi nisingemkosea.

Nikawaambia nimepita tu kukagua taa. Nikabonyeza swichi: ikazima, ikawaka. Taa nzima.

Nilipokuwa nageuka kuondoka, Andrea akaniita.

"Na huyu bwana Bahati anafika lini? Tumemwachia kitanda cha dirishani."

Nikaenda mpaka kitanda cha dirishani, nikauchukua mto wangu, nikaukwapua na ule mkoba uliokuwa chini yake.

"Bwana Bahati," nikamwambia, "ameahirisha safari."