Magere wa Shilingi Mia Nane na Hamsini

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, saa ambayo mtu mwenye heshima zake ameshavua soksi. "Wazazi wapendwa, Ijumaa kila mwanafunzi aje amevaa vazi la shujaa. Tusinunue, tutumie vitu vilivyopo nyumbani." Siku yenyewe ni Jumatano. Vitu vilivyopo nyumbani ni sufuria mbili, mwavuli uliovunjika mbavu, na mimi.

Sitaki kulalamika. Muhula uliopita nilitengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, na sisi tunaishi ghorofa ya pili, mtaa wa Manyatta, mjini Kisumu. Nikasuka kikapu. Nikakusanya maganda ya mayai wiki tatu mpaka muuza mayai akaanza kuniita bosi. Alama zikaja: "Anakaribia matarajio." Mimi, mwanamume wa miaka arobaini na tatu, mwenye pingili za mgongo zinazolia, nakaribia matarajio.

Basi kijana akasema anataka kwenda akiwa yule wa buibui. Nikamwangalia. Buibui gani? Wale wanaokaa darini hapa Kisumu nawajua mmoja mmoja, na hawajawahi kuokoa mtu. Hata mbu wamewashinda.

Nikamwambia, wewe utakuwa Lwanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Wajaluo. Akaniuliza huyo yuko kwenye filamu gani.

Hapo ndipo moyo uliniuma, na si kwa mafumbo, uliniuma kweli, upande wa kushoto. Mtoto huyu anajua New York imebomolewa mara ngapi na nani. Nilipompeleka Kit Mikayi, yale mawe yaliyopandana kule Seme, akauliza ukigusa lile la juu unapata maisha mangapi.

Mimi katuni zangu nilizisoma kwenye nyama. Baba alikuwa mwalimu wa msingi kule Vihiga, kwetu Waluhya, kwa hivyo nyama ilikuwa ya mwisho wa mwezi, nusu kilo, na mwenye bucha aliifunga kwa gazeti kuukuu. Tukifika nyumbani, Mama anachukua nyama, mimi nachukua gazeti. Nalikunjua polepole lisichanike, nalibandika ukutani likauke, halafu namsoma Akokhan wa Frank Odoi huku damu imemfunika adui yake uso mzima, sijui amechomwa mkuki au ni maini. Mwezi unaofuata nyama inakuja imefungwa kwa ukurasa wa matangazo ya vifo. Shujaa wangu aliwahi kukaa mkono juu, tayari kupiga, tangu Januari hadi Pasaka. Leo mtoto analia intaneti ikikwama sekunde nne.

Kaka yangu mkubwa naye alikuwa na vile vitabu vya Pichadithi vya miaka ya 1980, hadithi za wazee zilizochorwa. Kuazima kwake kulikuwa na masharti kuliko benki. Unaosha mikono, unakaa mbele yake, unasoma ukirudisha pumzi pembeni. Mjomba alikuwa na sanduku la bati la Lance Spearman, yule mpelelezi wa picha za kamera, kofia kichwani, tai ya kipepeo shingoni, anapigana na watu sita na shati halitoki kwenye suruali. Mjomba aliapa kwamba Spearman ni mtu wa Nairobi na kwamba aliwahi kumwona.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba Spearman ni wa wale watu wa jarida la Drum, Afrika Kusini. Kidonda kikafuatwa na chumvi. Odoi? Mzaliwa wa Ghana, akaja Nairobi akalowea. Lakini mwaka wa 2012 alikufa kwa ajali ya matatu, na mtu aliyekufa kwa matatu sitaki kusikia akiitwa mgeni. Terry Hirst wa Pichadithi? Mwingereza. Mashujaa wote nilioapa ni wetu damu, ukiuliza wazazi, unaambiwa wako ng'ambo. Aliyekuwa wetu mia kwa mia, bila visa, ni Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo. Wenzetu shujaa wao anapaa juu ya majengo, wetu jina lenyewe ni juha. Nilikuwa nikimcheka sana. Siku hizi nikitazama hati ya mshahara naona mzee Gitau alikuwa ananichora mimi.

(Wale wa katuni za Shujaaz za 2010 siwataji, nilikuwa mtu mzima tayari. Ingawa ilikuwa bure ndani ya gazeti la Jumamosi, na cha bure nilichukua nakala tatu.)

Alhamisi nikaumwa tumbo kazini saa tano, nikapona saa tano na nusu nikiwa juu ya boda kuelekea soko la Kibuye.

Fundi nilimkuta na cherehani yake kati ya muuza mitumba na dana mmoja, yaani bibi kizee, mwenye beseni la omena. Amevaa futi ya kupimia shingoni kama daktari.

"Karibu mkubwa."

"Nataka vazi la shujaa. Mtoto wa miaka tisa."

"Wa buibui, wa popo, ama yule wa chupi nje?"

"Lwanda Magere."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Muuza mitumba akaacha kukung'uta suruali. Dana akainua macho kutoka kwa omena.

"Magere," fundi akasema polepole, "alikuwa anavaa nini?"

Nakiri sikuwa nimelifikiria hilo. Yule wa chupi nje, ubaya wake wote, ukisema tu jina fundi anakata kitambaa. Wetu hana hata rangi iliyokubalika. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba bila shaka alivaa ngozi.

"Ya nini?"

"Ya chui."

Kosa. Palikuwa na kijana wa boda amekaa juu ya pikipiki na jezi ya kijani ya Gor Mahia, na mimi, kwa haraka ya kutoroka kazini, nilikuwa na ile kofia yangu ya bluu na nyeupe ya AFC Leopards, mahasimu wao, wale tunaowaita Ingwe, yaani chui.

"Chui?" akashuka. "Ingwe? Magere avae Ingwe? Omera, mnataka kumuua mara ya pili?"

"Wewe ni mtu wa wapi?" muuza mitumba akauliza.

"Vihiga."

"Magere unamtakia nini? Kwenu hamna watu?"

Nikajitetea kwamba mke wangu ni wa Kano, kwa kina Magere kabisa, kwa hivyo mtoto ni mjukuu. Nyuso zikalainika. Fundi akanipa mkono. "Kumbe ni ora!" Nikaona nimeshinda, nikauliza bei ya shemeji ni ngapi.

"Ora hapunguziwi. Ora ndiye analeta ng'ombe."

Dana akakohoa, wote tukanyamaza. Akasema, huku anapepea nzi, kwamba sisi tunapiga kelele za bure. Mwili wa Magere ulikuwa jiwe. Mikuki ya Lang'o, maadui zake, ilimgonga ikakunjika. Jiwe linavaa nini? Jiwe halivai.

"Basi mtoto aende uchi," fundi akasema. "Hiyo ni bure."

Kama tungeishia hapo ningekuwa nimeokoa pesa. Lakini dana alikuwa ameshaanza, na mtu mzima akianza hadithi humkatizi omena yako ikapimwa vizuri. Akaeleza jinsi maadui walivyomletea binti yao aolewe, jinsi Magere alivyougua akamwambia mke achanje kile kivuli badala ya mwili, na damu ikatoka kivulini. Mke akatoroka usiku na siri. Vita iliyofuata, mkuki ukapigwa kivulini.

Kijana wa boda akakuna kidevu. "Lakini dana, hapa kwetu ikweta iko pale Maseno, kibao kipo, mimi hupeleka wageni kupiga picha. Mwezi wa tatu na wa tisa, ikifika saa saba kasorobo, kivuli chote kinaingia chini ya viatu. Hao watu wangekuja saa hiyo wangempiga wapi?"

Kimya. Nakwambia ile kimya ilikuwa nzito. Muuza mitumba akajitazama miguuni. Hata mimi, mtu wa diploma, nikajitazama miguuni.

"Ndiyo maana walikuja jioni," dana akasema, na uso wake ulifunga mjadala.

Ni fundi aliyeharibu mambo. Akasema, ikiwa nguvu zote ziko kivulini, basi kazi ni kushona kivuli. Akachukua gunia la sukari, akakata mikono na shingo, akasema nitalipaka jivu na uji liwe rangi ya jiwe. Halafu akavuta kitambaa cheusi, kile cha ndani ya koti, akakikata umbo la mtu, kichwa, mabega, mikono miwili, urefu wa mita moja na nusu, akakitia vifungo nyuma ya visigino. Kivuli. Cha kuburuta. Watu wakakusanyika. Mtu akapiga makofi.

"Gunia mia tano. Kivuli mia tatu na hamsini."

Nikauliza inakuwaje kivuli kinakaribia bei ya mtu mwenyewe. Fundi akanitazama kwa huruma. "Si ndiko nguvu iko?"

Nililipa. Nilituma mia tisa kwa simu kwa sababu nilikuwa nimechanganyikiwa, akasema hamsini atanirudishia.

Ijumaa saa nne simu ikalia. Mwalimu. Kwa upole ule ambao hutumika kabla ya kuambiwa ulipe kitu. Inaonekana gwaride lilianza vizuri, wa buibui kumi na tisa, wa popo sita, binti mmoja aliyekuja kama mama yake muuza mboga, akiwa na kikapu na kitabu cha madeni (huyo ningempa kombe). Kijana wangu akapita, kivuli kinaburuta nyuma, watoto wanashangilia. Kisha wa buibui mmoja akakanyaga kivuli.

Mwanangu akaanguka. Mwalimu akadhani ameumia. Hapana, amekufa, kulingana na hadithi. Wakamwambia inuka, akasema hawezi, ameshakuwa jiwe. Mwalimu mkuu akaja. Jiwe. Wakaleta maziwa ya saa nne, jiwe likafungua jicho moja, likafunga. Ikabidi mimi niumwe tumbo tena, mara ya pili wiki moja, nipande boda nikasimame katikati ya uwanja mbele ya wa buibui kumi na tisa nikimbembeleza mtoto wa gunia afufuke.

"Baba, kwenye hadithi hakuamka."

Ni kweli. Hakuamka. Lile jiwe liko Kano mpaka leo na watu walikuwa wakinolea mikuki pale. Ningesema nini? Nilimbeba begani, jivu na uji vyote vikahamia kwenye shati langu la kazi, na kivuli kikawa kinatufuata kwenye vumbi mpaka getini, askari akakikanyaga kwa bahati mbaya akaomba msamaha.

Kile kitambaa Mama Watoto amekipiga misumari dirishani, kwa sababu mwenye nyumba ameweka taa ya usalama inayomulika kitandani kwetu usiku kucha. Kichwa kimetoshea, ila mkono mmoja umezidi, unaning'inia nje, na jirani wa chini amelalamika unamtisha akitoka kuoga. Nimemwambia ni Magere. Amesema yeye ni Mkisii, Magere hamhusu. Hamsini zangu bado hazijatumwa. Nimempigia fundi mara mbili, anasema mtandao.