Tochi ya noti isiwe hakimu wa losheni ya jua

Kuna jaribio linazunguka kwenye simu zetu. Chukua karatasi nyeupe ya fotokopi, funika kwa nailoni angavu, paka losheni ya jua upande mmoja, kisha mulika kwa ile tochi ya zambarau ambayo mawakala wa fedha hukagulia noti. Karatasi inang'aa bluu. Palipopakwa pakififia, losheni halali; pasipofifia, umepigwa.

Jaribio nalipenda. Hukumu yake siikubali.

Tochi nyingi za bei rahisi hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 395 hivi, mpakani kabisa mwa urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho) na mwanga tunaouona. Miale inayobabua ngozi ni mifupi zaidi, nanomita 280 hadi 315, na namba ya SPF, ile ya kinga inayoandikwa kwenye chupa, inahusu hasa hiyo. Kwa hiyo losheni nzuri inaweza kuonekana feki mbele ya tochi, na ile inayofifisha bluu ikawa haina kinga ya maana.

Tunabishana SPF 30 au 50 wakati moja huzuia karibu asilimia 97 ya miale hiyo na nyingine 98. Kesi iko kwenye kiasi. Maabara hupima losheni ikiwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba. Uso na shingo pekee huhitaji kama kijiko cha chai. Nani hapa Mbeya anapaka kijiko kizima, kwa bei hizi? Tunadonoa kidogo, tunasugua mpaka ipotee, halafu tunalaumu chupa.

Na huku juu baridi inatuponza. Mji uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila mita 1,000. Julai mtu amevaa sweta, anaota jua la saa tano, uso unaungua na yeye anasikia raha. Kwa mwenye ualbino hiyo ni njia ya saratani ya ngozi. Ndiyo maana hospitali ya KCMC kule Moshi ilianza kutengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Mtu kama huyo akishawishiwa na tochi aitupe chupa yake, nani atamlipa?

Mkulima wa viazi wa Umalila, milimani huku Mbeya, mimi ningemwambia anunue kwanza kofia pana na shati la mikono mirefu. Losheni ibaki ya uso, masikio na shingo, na irudiwe kila baada ya saa mbili akiwa shambani.